Je, mwenye nyumba anaweza kuhesabu watu wa nyumbani kwangu na kunikataza kushonea nguo humo?

Mshonaji wa Bel-Air anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote mnaoishi Lubumbashi na mnaoyafahamu mambo ya nyumba za kupanga kuliko mimi.

Tumepanga nyumba ya vyumba viwili na sebule katika kartiye (mtaa) ya Bel-Air, komine (wilaya ya mji) ya Kampemba. Mwenye parseli (kiwanja) anaishi katika nyumba ya mbele, sisi tuko nyuma, na pembeni kuna anekisi ya chumba kimoja anamoishi mwanafunzi. Kontra (mkataba wa upangaji) iliandikwa kwa jina la mume wangu, ambaye siku hizi anafanya kazi Kolwezi na hurudi mwisho wa mwezi. Ndani yake imeandikwa kwamba nyumba ni ya makazi na kwamba tumelipa garanti (amana ya pango) ya miezi mitatu. Hakuna mstari unaotaja idadi ya watu, wala unaotaja kazi za mikono.

Tulikuwa watu watano. Mwaka wa shule ulipoanza, watoto wawili wa dada yangu walitoka Likasi wakaja kusoma hapa, kwa hiyo sasa tuko saba. Pamoja na hayo, mimi ni mshonaji. Nina cherehani mbili sebuleni, moja ya miguu na nyingine ya umeme, na msichana mmoja huja mchana kujifunza kazi. Wateja huja zaidi siku za Jumamosi na wakati wa kukaribia sikukuu, na sijaweka kibao chochote mlangoni.

Wiki iliyopita mwenye nyumba aliniita akanieleza mambo matatu. Kwanza, alisema kwamba sheria ya komine hairuhusu zaidi ya watu watano katika nyumba kama yetu. Pili, alisema kwamba nyumba imekwisha kugeuka karakana, kwa hiyo pango litapanda kwa nusu na tutaongeza garanti nyingine ya miezi mitatu, aliyoiita garanti ya biashara. Tatu, alisema kwamba tusipokubali kabla ya mwisho wa mwezi atabadilisha kufuli la lango. Kana kwamba hayo hayatoshi, mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wa komine amekwisha kupita akiuliza patenti yangu (kibali cha biashara ndogo) iko wapi.

Naomba mnieleze ni lipi kati ya haya lenye msingi. Sitaki ugomvi na mzee huyu, kwa sababu tumeishi naye vizuri, lakini pia sitaki kulipa jambo lisilokuwepo.

---

Jirani wa Kamalondo:

Mama, parseli ni ya mwenyewe. Akisema watano ni watano, na akisema karakana ni karakana. Mimi nimepanga sehemu nyingi katika mji huu na sijaona mpangaji aliyemshinda mwenye nyumba. Zungumza naye akupunguzie kidogo, au anza kutafuta komisionere (dalali) akutafutie nyumba nyingine mapema, kabla ya mvua kuanza.

---

Karani Mstaafu wa Makazi:

Ndugu wa Kamalondo ameeleza desturi, na desturi hiyo kweli ipo, lakini mama ameuliza msingi, na msingi si huo. Nimefanya kazi muda mrefu katika huduma ya makazi ya komine, na kesi za namna hii ndizo zilizokuwa zikijaza meza yangu kila baada ya mwaka mpya wa shule.

Sheria inayotawala kontra yenu ni Sheria Na. 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji usio wa kikazi, yaani nyumba zinazokaliwa na watu. Kwa nyumba ya makazi, sheria hiyo imeweka kikomo cha garanti, nacho ni pango la miezi mitatu. Ninyi mmekwisha kulipa mitatu. Kwa hiyo ile garanti ya pili haina mahali pa kusimama maadamu kontra yenu bado ni ya makazi, hata ikipewa jina jingine. Wenye nyumba wengi hapa mjini huomba zaidi ya mitatu, na wapangaji wengi hulipa kwa sababu nyumba ni chache na komisionere amesimama nyuma yao akiwaharakisha. Hilo haliifanyi kuwa halali.

Kuhusu pango kupanda katikati ya kontra, tunarudi kwenye amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ndiyo kitabu chetu cha tatu cha sheria za kiraia, na ambayo bado inatumika licha ya umri wake. Kifungu cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Mtu mmoja peke yake hawezi kuyabadilisha asubuhi moja baada ya kunywa chai. Anaweza kupendekeza pango jipya, na ninyi mnaweza kulikubali au kulikataa, na kontra ikifika mwisho wake mtazungumza upya mkiwa sawa.

Kuhusu watu watano, mwombeni kwa heshima awaonyeshe hiyo sheria ya komine. Sheria ya 2015 haigawi watu kwa vyumba. Idadi ya watu katika nyumba za kupanga hapa kwetu hutoka kwenye kontra yenyewe: ikiandikwa, inawabana, isipoandikwa, kinachobaki ni wajibu wa jumla wa mpangaji kuitumia nyumba kwa uangalifu kama mzazi mwema anavyotunza mali ya nyumbani, na kutoipangisha kwa wengine kwa siri. Watoto wa dada yako si wapangaji wako wa siri, kwa kuwa hawakulipi. Hata hivyo, nendeni katika ofisi ya kartiye mkawaandikishe kwenye fishi ya parseli, yaani karatasi ya wakaaji wake, kwa sababu mkuu wa kartiye anapaswa kujua nani analala wapi, na kwa sababu karatasi hiyo itakusaidia siku mtu atakapodai kwamba umeleta watu usiowajua.

Kufuli ndilo jambo zito kuliko yote, nami nashangaa kwamba umeliweka la mwisho. Hakuna mwenye nyumba anayemtoa mpangaji kwa kufuli. Kumtoa mtu ni kazi ya hakimu, na kabla ya kufika kwa hakimu mgogoro wa pango hupitia kwanza kwenye huduma ya makazi ili wahusika wapatanishwe na waraka uandikwe, ama wa maelewano ama wa kushindwa kuelewana. Andika barua fupi kwa huduma ya makazi ya Kampemba ukieleza tishio hilo, ukaambatanisha nakala ya kontra na risiti za pango. Mara nyingi mwito mmoja tu wa ofisi hiyo hutosha kufanya kufuli lisahaulike.

---

Mwenye Parseli, Katuba:

Karani ameeleza vizuri, lakini ameeleza kama mtu ambaye hajawahi kulipia kutapishwa kwa shimo la choo. Mimi ninapangisha nyumba tatu ndani ya parseli yangu, na naomba mama asikilize upande wa pili kabla ya kuandika barua yoyote.

Shimo la choo lililochimbwa kwa ajili ya familia mbili halijui kifungu cha 33. Watu wawili wakiongezeka, na mwanafunzi wa ushonaji, na wateja wa Jumamosi ambao nao huomba choo, shimo litajaa mapema, na likijaa kati ya Novemba na Aprili, wakati ardhi imekwisha kulowa, maji machafu hutoka juu na huduma ya usafi ya komine humwita mwenye parseli, mpangaji haitwi. Hesabu ya maji nayo ni hiyo hiyo. Kama REGIDESO inaleta bili moja kwa parseli nzima na mmekuwa mkiigawa kwa milango mitatu, basi nyumba ya watu saba inalipa sawa na kijana mmoja wa anekisi, na huyo kijana ana haki ya kunung'unika hata kama yuko kimya. Umeme ni vivyo hivyo: cherehani yenyewe haili sana, lakini pasi ya umeme inayowaka mchana kutwa inaonekana kwenye bili ya SNEL.

Ninavyomsoma mzee huyu, tatizo lake ni shimo na bili, ila amelieleza kwa lugha ya sheria kwa kuwa alidhani itatisha zaidi. Hapo amekosea. Huenda pia ana kumbukumbu ya kambi. Sisi tuliokulia katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière, ambazo baadaye zilikuwa za Gécamines, tunakumbuka kwamba kampuni ndiyo iliyokuwa ikiamua nani alale katika nyumba ya mfanyakazi, na mgeni aliyekaa siku nyingi alipaswa kujulikana ofisini. Wazee wengi bado wanaamini kwamba mahali fulani kuna daftari lenye hesabu ya watu kwa kila nyumba.

Ushauri wangu ni kwamba umwendee na pendekezo mkononi: bili ya maji igawanywe kwa vichwa badala ya milango, gharama ya kutapisha shimo igawanywe kwa namna hiyo hiyo, na pasi ya kazi iwe ya makaa au iwe na mita ndogo yake. Mimi ningekubali siku hiyo hiyo, na wala nisingegusa pango.

---

Mwanasheria wa Kampemba:

Nakubaliana na Karani kuhusu garanti na kufuli, na nakubaliana na mwenye parseli wa Katuba kuhusu maji. Lakini wote wawili wamepita haraka juu ya cherehani, na hapo ndipo mama ana udhaifu.

Kontra inasema makazi. Hilo ni pungufu kuliko mama anavyodhani, na pia ni zaidi. Ni pungufu kwa maana kwamba mtu anayeshona nguo katika kona ya sebule anamolala na kula bado anaishi humo. Nyumba haijapoteza sura yake ya makazi kwa sababu ya mashine mbili. Ni zaidi kwa maana kwamba matumizi ya nyumba ni sehemu ya mapatano, na siku wanafunzi wa ushonaji watakapofika wanne, kibao kikatundikwa langoni na sebule ikawa haina tena kiti cha kukaa mgeni, mwenye nyumba atakuwa na hoja ya kweli mbele ya hakimu kwamba nyumba imebadilishwa matumizi bila idhini yake. Mama kwa sasa yuko upande salama wa mstari huo, ingawa hayuko mbali nao.

Kuna sababu nyingine inayowafanya wenye nyumba waliopata ushauri waogope neno biashara. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, na Sheria ya Pamoja ya OHADA kuhusu biashara kwa jumla, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina sehemu nzima juu ya upangaji wa kikazi. Katika sehemu hiyo, mpangaji ambaye kwa muda usiopungua miaka miwili ameendesha kazi iliyotajwa katika kontra hupata haki ya kudai kontra ifanywe upya, na mwenye jengo akikataa bila sababu inayokubalika anaweza kudaiwa fidia. Sasa fikirieni mzee huyu akiandika kwa mkono wake kwamba nyumba ya nyuma ni karakana na anapokea garanti ya biashara: atakuwa amejifungulia mlango ambao hataki ufunguliwe. Mama anaweza kumweleza jambo hilo kwa upole. Kuibakiza kontra kuwa ya makazi, pamoja na ruhusa ndogo ya kazi ya mkono, kunamlinda yeye kuliko mpangaji.

Kuhusu patenti, yule mtu wa komine hakukosea kuuliza, ingawa alipaswa kuonyesha karatasi ya kazi aliyotumwa. Biashara ndogo inatawaliwa na sheria ya tarehe 8 Agosti 1990, inayoihifadhi kwa Wakongomani na kuitaka iwe na patenti inayotolewa upya kila mwaka. Nenda mwenyewe katika ofisi ya komine, uulize kiasi, ulipe mahali panapotambulika na udai risiti rasmi. Usimpe mtu fedha langoni, hata akiwa na kofia ya serikali. Ukitaka kusonga mbele zaidi, OHADA imeweka pia hadhi ya mjasiriamali mdogo, ambaye hahitaji kuandikishwa kama mfanyabiashara kamili bali hutoa tamko tu la shughuli yake katika daftari la biashara, nalo ni bila malipo. Lakini patenti na ruhusa ya mwenye nyumba ni vitu viwili tofauti. Patenti haimlazimishi mwenye nyumba, wala ruhusa ya mwenye nyumba haiondoi patenti.

Jambo la mwisho ni kwamba mtu asikuambie kuwa huwezi kushona bila barua ya mume wako. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilikuwa ikimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kisheria, lakini marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliiondoa idhini hiyo na kuweka badala yake kwamba mume na mke wakubaliane, kila mmoja kwa mwenzake. Hata hivyo, kontra ya nyumba iko kwa jina lake, kwa hiyo nyongeza yoyote ya kontra ni yeye atakayeitia saini, nawe pia tia yako. Msubirini arudi kutoka Kolwezi.

---

Jirani wa Kamalondo:

Nimesoma, na bado naona kwamba mpangaji maskini hawezi kungoja hakimu. Lakini hilo la OHADA sikulijua, nami nimepangisha chumba cha mbele cha marehemu baba kwa kinyozi kwa maneno ya mdomo tu. Itanibidi nikae naye.

---

Mshonaji wa Bel-Air:

Nawashukuru nyote, papa na ndugu zangu. Nilimwendea mzee na pendekezo la mwenye parseli wa Katuba kabla ya kuandika barua yoyote, na kweli mazungumzo yalianzia kwenye shimo la choo na kumalizikia huko huko. Amekubali watu saba, amekubali maji yagawanywe kwa vichwa, na la kufuli amesema lilimtoka kwa hasira.

Limebaki jambo moja. Anasema pango lazima lipande kidogo hata hivyo, kwa sababu mkoa unamtoza kodi ya mapato ya pango, na kwamba kodi hiyo huwa kubwa zaidi nyumba ikiwa na kazi ndani. Je, ni kweli? Na hiyo nyongeza ya kontra inaandikwaje?

---

Mwanasheria wa Kampemba:

Kodi anayoitaja ipo kweli, na ni ya mkoa kwa mujibu wa kifungu cha 204 cha Katiba ya 2006, kinachoiweka pamoja na kodi ya ardhi na majengo na ile ya magari. Msingi wake wa zamani ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969, na kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa asilimia 22 ya pango lote, ambapo mpangaji hukata asilimia 20 na kuipeleka kwa niaba ya mwenye nyumba, kisha mwenye nyumba hukamilisha 2 zilizobaki. Kati ya watu binafsi ukataji huo haufanyiki mara nyingi. Ni kampuni na mashirika ndiyo huufuata. Lakini mzigo wa kodi ni wa yule anayepata mapato, yaani yeye, na kiwango hicho hakiangalii kama ndani ya nyumba kuna cherehani au kitanda. Kama anataka pango lipande, aseme kwamba anataka lipande, na mlijadili kontra itakapoisha.

Kuhusu nyongeza, msiifanye ndefu. Andikeni juu yake tarehe ya kontra ya kwanza na majina ya waliotia saini, kisha maneno kama haya:

«Wahusika wanakubaliana kwamba nyumba inabaki kuwa ya makazi. Mwenye nyumba anamruhusu mke wa mpangaji kufanya kazi ya ushonaji ndani ya sebule, kwa mashine zisizozidi mbili na msaidizi mmoja, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, bila kibao langoni. Ruhusa hii haibadilishi pango wala garanti, wala haiifanyi kontra kuwa ya kikazi. Idadi ya wakaaji ni watu saba. Ikizidi hapo, wahusika watazungumza upya. Bili ya maji na gharama ya kutapisha choo zitagawanywa kwa idadi ya wakaaji wa parseli, mwenye parseli na watu wa nyumbani kwake wakihesabiwa.»

Sentensi hiyo ya mwisho isiachwe, maana wenye parseli wengi hujisahau katika hesabu.

---

Karani Mstaafu wa Makazi:

Naongeza kwamba mtoe nakala tatu, zote zikiwa na saini za asili, na moja mwipeleke katika huduma ya makazi ya Kampemba iunganishwe na kontra ya kwanza. Pigeni pia picha ya shimo la choo na kiwango chake siku hiyo ya kutia saini. Kijana wa anekisi naye mwiteni, kwa sababu mgawanyo wa maji unamhusu na kontra yake ni nyingine. Bila saini yake, hesabu ya vichwa haitamfunga.